Mishono ya Namba Thelathini na Saba

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa huu, na ninyi mafundi wa kiwanda cha karatasi mliokaa safu ya nyuma ingawa viti vya mbele vipo, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, fundi cherehani kwa kazi, na nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye hapa mtaani mlimjua kwa jina la Taratibu na kule kiwandani mlimjua kwa Namba Thelathini na Saba. Kamati ya mazishi ilinikabidhi karatasi moja iliyochapwa, yenye mistari ishirini na miwili, na binamu yetu, mwenyekiti wa kamati, akaniomba niisome kama ilivyo, nisitie chumvi, kwa kuwa jua ni kali na watu wana shughuli zao. Karatasi hiyo ninayo, nimeikunja nikaiweka chini ya hii ninayoisoma, kwa sababu mstari wake wa kumi na tatu unasema marehemu aliacha kazi mwaka 1999, nukta, na marehemu hakuacha kazi, aliachishwa, na alinituma kwa kinywa chake mwenyewe niseme ilikuwaje. Binamu atanisamehe, na asiponisamehe tutazungumza nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabehewa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, baba yetu akiwa mpiga nyundo katika karakana hiyo, na mama yetu akishona magunia kwa mkono mlangoni, mahali penye mwanga. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye mikono isiyotetemeka, na mwenye kasoro moja ambayo ni ya ukoo mzima, nayo ni kususa. Mwaka 1962, akiwa na miaka tisa, alisingiziwa kuvunja mkono wa birika, na badala ya kusema si mimi, alinyamaza, akakataa chakula siku mbili, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akitazama ukuta, mpaka mama akamwambia ukisusa wenzio wala, na kweli tulikula, tukakomba na sufuria. Aliyevunja birika ni mimi, nilikuwa na miaka minne, na nilikuja kukiri nikiwa tayari nimeolewa. Nawaomba mlishike hilo la kususa, kwa maana tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1960 hadi Novemba 1966, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1970, na tarehe 15 Januari 1971 akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya uchomeleaji, ambako alihitimu tarehe 30 Novemba 1973 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi thelathini na wanne. Alipenda kusimulia siku ambayo mwalimu wao wa vyuma aliweka mezani vipande viwili, vya ukubwa mmoja, rangi moja, uzito mmoja, akawauliza kipi ni kipi, na wanafunzi wakanusa, wakagonga, wengine wakalamba, hadi marehemu akaomba grainda, akavigusisha kwenye jiwe linalozunguka kimoja baada ya kingine, akatazama cheche. Cheche za kipande cha kwanza ziliruka zikachanua mwishoni, za cha pili ziliruka nyembamba, zikaacha pengo dogo, kisha kwenye ncha kikatokea kitu kama kichwa cha mkuki kilichojitenga na mpini wake, na kichwa hicho cha mkuki ndiyo alama ya chuma ambacho kaka yangu alikitumikia maisha yake yote.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa msipokielewa chuma hicho hamtaelewa lililompata, na mimi mwenyewe ilinichukua miaka kulielewa kwa sababu yeye alieleza mambo kama mtu anayelipia kila neno. Chuma cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, kikiongezwa kromu kidogo, kiasi cha asilimia moja na robo, na molibdeni nusu asilimia, yaani kiasi kidogo kama chumvi katika chungu, kinakuwa chuma kingine kabisa kwa tabia ingawa kwa sura hakijabadilika hata kidogo, na mafundi wanakiita kromoli. Ndicho kinachotengenezea boila kubwa, mabomba ya mvuke mkali, na matangi ya presha ya viwanda vya mafuta na mbolea, kwa sababu chuma cha kawaida ukikiweka kwenye joto la nyuzi mia tano huku presha inakisukuma kutoka ndani, hakipasuki siku hiyo wala wiki hiyo, bali kinaanza kunyooka kidogo kidogo, mwezi hata mwezi, kama lastiki ya sketi iliyofuliwa mara nyingi mno, mpaka siku moja kinaachia. Kromoli katika joto hilohilo inakaa miaka ishirini haijanyooka unene wa kucha, na ndiyo maana kuta za tangi lake zinaweza kuwa nyembamba na bado watu wakafanya kazi pembeni bila hofu.

Ila kromoli inadeka. Ukiichomelea ikiwa baridi, au ukaiacha ipoe kwa pupa, mshono utapendeza machoni na ndani yake utakuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, unaojitokeza kesho yake wakati wewe umeshaenda zako nyumbani. Kwa hiyo unaipasha kwanza hadi nyuzi mia moja na hamsini au zaidi, unaipima kwa chaki ya joto, ile ambayo inayeyuka chuma kinapofikia kiwango chake, unatumia vijiti vya kuchomelea vilivyokaushwa kwenye tanuri visiwe na unyevu hata wa pumzi, unachomelea bila kuiacha ipoe katikati, ukimaliza unaufunika mshono kwa blanketi la sufu ya madini ili upoe polepole, kisha unaupasha tena hadi karibu nyuzi mia saba, unaushikilia hapo saa kadhaa, na unaushusha kwa mwendo wa konokono. Meneja akija kuuliza saa ngapi tunawasha mashine, unamjibu bado.

Marehemu aliajiriwa na kiwanda cha karatasi tarehe 2 Januari 1974, katika karakana ya nyumba ya boila, na tarehe 1 Julai 1976, baada ya kufaulu mtihani wa mishono ya presha, alikabidhiwa muhuri wake, kichuma kirefu kama kidole, chenye namba 37 kwenye ncha, ambacho fundi hukigonga kwa nyundo kando ya kila mshono anaoumaliza. Kwa wasiojua, fundi akiondoka namba yake hapewi mtu mwingine, inakaa kwenye tangi muda wote tangi linapofanya kazi, ili likitokea lolote ijulikane ni mkono wa nani. Vilevile pleti yenyewe, yaani bamba la chuma, huja na namba yake kutoka kule ilikoyeyushwa, na sheria ni kwamba kabla ya kukata pleti unahamisha namba hiyo kwa muhuri kwenye kipande kinachokatwa na kwenye kipande kinachobaki, kwa sababu, kama alivyozoea kusema marehemu, chuma hakina sura, kina namba. Jina la Taratibu alilipata hukohuko, kwa kukaa kwenye kiti kidogo kando ya blanketi lake na kumzuia kila mtu asiliguse, huku akilalamika kwamba watu wote wanasema haraka haraka haina baraka na wanayasema hayo wakitazama saa.

Tarehe 15 Septemba 1979 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona mbele yenu, aliyekuwa karani wa stoo ya vitabu vya shule, na alifika kwenye ndoa yake akiwa amechelewa saa moja na dakika arobaini kwa kuwa mshono wa bomba kuu ulikuwa bado unapoa, jambo ambalo wifi alilisamehe kwa mdomo tu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1981, ambaye leo ni mwalimu wa maabara ya vyuma katika chuo cha ufundi, na kijana aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1984, ambaye ni fundi wa majokofu. Walilelewa katika nyumba ile ya bati la kijani mwisho wa mtaa, kwa upendo na kwa kusubiri sana, maana hata chai katika nyumba hiyo haikunywewa mpaka baba aseme imetulia.

Sasa nafika kwenye mstari wa kumi na tatu.

Mwezi Agosti 1998 ulionekana ufa kwenye tangi la kukusanyia mvuke mkali, lile linalopokea mvuke wa boila zote tatu, na ikaamuliwa sehemu yenye ufa ikatwe na kuwekwa kiraka cha kromoli, kazi ambayo alipewa marehemu kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuiweza. Ijumaa ya tarehe 21, katika kazi nyingine ndogo, alichukua pleti yenye cheti cha aina ya chuma chake na namba zake zote, akaipiga grainda kutazama cheche kama ilivyokuwa desturi yake kwa kila chuma kinachopita mkononi mwake, na msimamizi wake, ambaye mashine zake zilikuwa zimesimama kwa siku ya tano na meneja anampigia simu kila nusu saa, akamuuliza mbele ya mafundi kumi kama anataka kuichomelea hiyo pleti au kuioa. Watu walicheka. Wengine kati yenu mlikuwapo, mlicheka, na sisemi mlitenda dhambi, kwa sababu hata mimi nilipohadithiwa nilitabasamu kabla ya kukumbuka ninahadithiwa nini.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 22 Agosti, stoo ikaleta pleti ya kiraka. Haikuwa na namba. Mtu fulani, siku fulani, alikata kona yenye namba kwa kazi nyingine na hakuihamishia kwenye kipande kilichobaki, na kwa kuwa kromoli na chuma cha kawaida vilikuwa vimepakwa rangi ileile ya kijivu na kuegeshwa ukuta uleule, mtunza stoo alitafuta cheti kinacholingana na unene, akaandika namba ya cheti hicho kwa chaki juu ya pleti, akaona amemaliza. Msimamizi alikipunga cheti hewani, akasema karatasi hii hapa. Marehemu alitazama ile chaki, akamtazama msimamizi, akasema sawa, akavaa kofia yake ya kuchomelea. Akaipasha, akaipima kwa chaki ya joto, akatumia vijiti vikavu vya kromoli, akaufunika mshono, akaupasha tena usiku na mchana kwa utaratibu wote, ukapigwa eksirei ukaonekana hauna doa, akagonga namba 37 kando yake. Eksirei inaona ufa, haioni chumvi iliyopungua kwenye chungu.

Tarehe 6 Oktoba 1999, saa nne na robo asubuhi, baada ya karibu miezi kumi na minne, kiraka kilipasuka, na mvuke ukamkuta mwangalizi wa boila, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba, ukamuunguza mkono na shingo, na kumnyima jicho la kushoto. Yupo hapa, ameketi kando ya wifi yangu, na ninayoyasema juu yake ameniruhusu niyaseme. Tarehe 29 Oktoba 1999 marehemu alipewa barua yenye aya mbili, inayosema ameachishwa kwa sababu ya mshono mbovu wa namba 37, akanyang'anywa muhuri wake mezani, na katika daftari la ukaguzi la kiwanda yakaandikwa maneno hayohayo, mshono mbovu, ambayo yamo humo hadi leo. Juu ya mlango wa ofisi ilikotoka barua hiyo yalikuwa yamepakwa maandishi makubwa ya kuhimiza wafanyakazi, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi si fundi wa chuma, lakini nimeshona miaka arobaini na mitano, na najua tofauti ya mshono uliokatika na kitambaa kilichoraruka. Aliniletea kipande cha tangi kilichopasuka. Alikiokota kwenye lundo la vyuma chakavu nje ya geti, kikubwa kama sinia, chenye kiraka, mshono, na ukingo wa tangi la zamani, na hata macho yangu yaliona kwamba mshono wake uko pale mzima kama alivyouacha, na kilichoachia ni pleti yenyewe, upana wa kiganja kutoka kwenye mshono, imenyooka, imekonda, imechanika. Nikamwambia kaka, chukua hiki uwapelekee, waambie wakipime. Akasema ndiyo. Akakipeleka jikoni, akakiegemeza kwenye mlango ili upepo usiupige, na kikakaa hapo miaka ishirini na minne, kila mtu katika familia hii amejikwaa nacho, mimi nimejikwaa nacho nikiwa nimebeba chai ya moto.

Nataka niseme ukweli mbele yake maana leo hawezi kuondoka katikati ya maneno yangu kama alivyozoea, kwamba nilikasirika naye, na bado nimekasirika. Alitengeneza mageti na madirisha chini ya banda la bati kwa miaka yote hiyo, mkono ulioweza kuzuia mvuke wa nyuzi mia tano ukawa unachomelea maua ya madirisha, na watu wakilalamika geti linachelewa. Mtaani kuna waliomwita Mlipuaji, na hawakumwita kwa siri. Mwaka 2004 kijana wake aliomba nafasi ya kujifunza kazi kiwandani, akafanya usaili vizuri, kisha akaambiwa tunamjua baba yako, akarudi nyumbani akapita mlango wa jikoni, akakiruka kile kipande bila kukitazama. Nilimwambia marehemu siku hiyo kwamba ukimya wake sasa unakula na watoto, na yeye akaenda bandani kupaka rangi geti ambalo lilikuwa limeshapakwa.

Afya yake ilianza kudorora mwaka 2019 kwa kikohozi kisichokoma, na tarehe 8 Agosti 2022 madaktari walithibitisha kwamba mapafu yake yalikuwa yamechakaa kwa moshi wa miaka mingi, akaanza kutumia hewa ya mtungi, ambao kwa kuwa ni yeye aliukagua mishono kabla hajakubali kuuvutia pumzi. Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 binti yake, bila kumuuliza mtu, alikibeba kile kipande cha mlangoni akakipeleka kwenye maabara yake, na tarehe 4 Machi akarudi na majibu ya ukurasa mmoja, yanayosema katika mshono kromu ni asilimia moja na robo, molibdeni ni nusu asilimia, ufa hakuna, na katika kiraka kromu karibu hakuna, molibdeni hakuna kabisa. Ilikuwa pleti ya mageti. Binti alimsomea baba yake kitandani, wifi akaanza kulia, mimi nikaanza kuhesabu ni nani wa kupelekewa nakala.

Marehemu hakushangaa. Alisema alilijua hilo tangu jioni ya siku alipokiokota, kwa kuwa alikigusa kwa grainda bandani akatazama cheche, na kichwa cha mkuki hakikutokea. Tukamuuliza sasa kwa nini, kwa nini miaka yote hii, na akatujibu kwa maneno ambayo ninayasoma kama alivyoyasema, kwani aliniagiza niyaandike hapohapo.

"Wangeniuliza, wewe unayepiga cheche kila chuma, hiki mbona hukukipiga? Na jibu ninalo. Nilisusa. Walinicheka Ijumaa, Jumamosi nikasema basi, wapate wanachokitaka. Grainda ilikuwa miguuni kwangu."

Nikamwambia hilo si la kuandika, kosa ni la aliyekata pleti bila kuhamisha namba, la mtunza stoo na chaki yake, la msimamizi na karatasi yake, na kwamba tukimsafisha tumsafishe jumla, watu hawahitaji kujua ya grainda. Akanitazama kwa yale macho ya juu ya ndoo, akasema, "Andika yote au usiandike kitu." Tuligombana siku tatu, yeye na mtungi wake wa hewa na mimi na mapafu yangu mazima, na akanishinda.

Tarehe 20 Aprili alimwita mwangalizi wa boila. Wanaume hawa wawili walikuwa hawajaongea ana kwa ana tangu 1999, ingawa walikaa mitaa miwili tu mbali, na sisi tuliokuwa chumba cha pili tulijiandaa kwa lolote. Marehemu alimweleza kuhusu pleti, kisha akamweleza kuhusu grainda, hakupunguza kitu, hakujitetea, na akamaliza kwa kusema jicho lako ninalo mimi. Tulisikia mtungi unavyopuliza, halafu mgeni akasema, "Mimi niliona mvuke unafuka kidogo pembeni ya kiraka siku nne nzima. Nilijua nikitoa taarifa mashine zinasimama, na mimi ndiye nitakayelaumiwa kwa kuzisimamisha. Nikasema nitaandika zamu ikiisha." Baada ya hapo walikunywa chai, na tangu siku hiyo hadi mwisho alikuja kila siku ya pili, wakawa wanabishana kuhusu valvu.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na nusu alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mkewe na mwangalizi wa boila wakiwa pembeni yake. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada mmoja mwenye hasira.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akiwauliza kila kipimo kimepimwa na nani, majirani mliobeba mitungi ya hewa kuipandisha ngazi za kuelekea nyumbani kwake, kamati ya mazishi kwa kazi yote na kwa karatasi yake fupi, na mwangalizi wa boila, ambaye sina neno la kumshukuru linalotosha, nalisema hili bila aibu. Namshukuru pia msimamizi wa zamani wa marehemu, aliyekuja leo na fimbo yake, akakaa nyuma, na ninajua kwamba naye alikuwa akisukumwa na simu ya kila nusu saa. Uongozi wa kiwanda umetuletea shada la maua lenye kadi inayosema fundi hodari, na tunalishukuru shada, lakini kadi hiyo na lile daftari haviwezi kuwa vyote kweli, kwa hiyo nakala ya majibu ya maabara ninayo kwenye mkoba, ninampa mwakilishi wa kiwanda mkononi hapa hapa mbele ya watu, na ombi la familia ni moja, kwamba yale maneno mshono mbovu yafutwe, na mahali pake paandikwe hivi: pleti haikuwa na namba, fundi hakupiga cheche, mwangalizi hakutoa taarifa, mashine zilikuwa na haraka. Marehemu aliusoma mstari huo nilipouandika, akaongeza koma moja.

Mkaguzi wa sasa wa kiwanda, kijana ambaye hakuwahi hata kumwona marehemu, alikuja nyumbani juzi akatuambia kwamba alipitia boila na matangi yote kwa tochi, akahesabu mishono mia mbili na kumi na sita yenye namba 37, mingine ina miaka arobaini na zaidi, na hakuna hata mmoja unaotoa jasho. Mvuke uliokausha karatasi hii ninayoisoma umepita humo.

Kaka, nimeandika yote. Pumzika kwa amani, poa taratibu, na safari hii blanketi halitaguswa na mtu.